Vibano vya Fundi wa Gitaa

Hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kwenda Makobola mpaka Baraka, kila mtoto anajua mitumbwi. Mitumbwi iko ya namna mbili. Mmoja ni wa gogo zima lililochongwa; hauna kiungo, wala hauna msumari. Wa pili ni wa mbao nyingi zilizoungwa. Mbao hizo hushikwa na misumari, na nafasi zilizo kati yake huzibwa ili maji yasipenye.

Vyombo vya muziki navyo viko vivyo hivyo. Ng'ambo ya mto Ruzizi, katika Burundi, wazee hupiga inanga. Inanga huchongwa katika kipande kimoja cha mti, kama mtumbwi wa gogo. Lakini gitaa huundwa kwa vipande vingi, kama mtumbwi wa mbao. Basi, je, fundi huvigongea misumari vipande hivyo? La! Mbao za gitaa ni nyembamba mno. Msumari ungezipasua. Kinachozishika ni gundi.

Na gundi peke yake haitoshi. Lazima mbao zikae zimebanwa pamoja, bila kutikisika, mpaka gundi ikauke. Chombo cha kuzibana huitwa kibano. Wanaojua Kifaransa hukiita serre-joint. Leo tutajifunza jinsi fundi anavyochagua kibano kwa kila kiungo cha gitaa.

1. Gitaa na viungo vyake

Gitaa lina sehemu zinazoitwa kama sehemu za mwili. Mbele ni uso, na katika uso pana tundu la mviringo. Nyuma ni mgongo. Kando ni mbavu, yaani mbao mbili nyembamba zilizopindwa kwa moto na maji. Juu ni shingo, na mwisho wa shingo ni kichwa chenye vigingi vya kukazia nyuzi.

Uso wa gitaa huwa na unene wa milimeta 3 hivi, au pungufu kidogo. Ndani yake hubandikwa vijiti vinavyouimarisha, kama mapau yanavyoshika paa la nyumba. Juu ya uso hubandikwa kibao kidogo ambacho nyuzi zimefungwa juu yake. Tutakiita kibao cha nyuzi.

Sasa fikirini jambo hili. Nyuzi sita za chuma zikikazwa vizuri, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Mfuko mmoja wa simenti una kilo 50. Basi kibao cha nyuzi huvutwa kwa nguvu inayozidi mfuko mzima wa simenti, mchana na usiku, hata wakati gitaa limetundikwa ukutani na hakuna mtu anayelipiga. Nyuzi za nailoni huvuta kidogo kuliko za chuma, kama kilo 40. Na kinachopingana na nguvu hiyo ni gundi, ambayo ni nyembamba kuliko karatasi!

Gundi ikishindwa, kibao hung'oka kwa kishindo na kuondoka na nyuzi zote sita. Pengine hubandua na nyuzinyuzi za uso pia. Ikitokea hivyo katikati ya Misa ya sikukuu, waimbaji hunyamaza na watu wote hugeuka kutazama. Mwenye gitaa hupata hasara, na fundi hupoteza jina lake.

Katika nchi ya Hispania palikuwa na fundi mashuhuri, jina lake Antonio de Torres. Alizaliwa mwaka 1817, akafa mwaka 1892. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyopondwa, lakini uso wake ulikuwa wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa hutoka hasa katika uso. Kwa hiyo fundi mwenye akili huulinda uso kuliko sehemu zote, na huviangalia sana viungo vilivyo juu yake.

Gitaa limependwa Kongo tangu zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake uitwao Masanga ulisikika mbali sana. Na huko Kinshasa fundi anayejulikana kwa jina la Socklo amepata sifa kwa kutengeneza magitaa kwa vitu vinavyopatikana mjini mwake. Basi, msidhani kwamba gitaa ni lazima litoke Ulaya.

2. Kazi ya kibano

Watu wengi hufikiri kwamba kazi ya kibano ni kulazimisha mbao mbili zikutane. Sivyo. Mbao zikutanishwe kwanza kwa randa. Fundi huziranda kingo zake, huzishikanisha kwa mikono, kisha huziinua kuelekea mwanga wa mbingu. Akiona mwanga unapenya kati yake, huziranda tena. Asipoona mwanga hata kidogo, ndipo huchukua gundi.

Kama mbao hazikukutana vizuri, kibano chenye nguvu kitaweza kuzikutanisha kwa leo. Lakini mbao hizo hazikuridhika. Zitakuwa zinavuta kurudi mahali pake siku zote, na siku ya joto kali au ya nyuzi kukazwa zitaachana. Ndiyo maana wahenga walisema: Kamba hukatikia pabovu.

Tena iko hatari nyingine. Mwanafunzi wa useremala alimwona fundi wake akiacha kukaza kibano mapema.

"Mzee," akauliza, "mbona hukazi zaidi? Bado nguvu zipo."

"Mwanangu," fundi akajibu, "tazama kando ya kiungo. Unaona nini?"

"Naona gundi imetoka kidogo kidogo, kama shanga."

"Vema. Shanga hizo zinaniambia kwamba gundi imefika kila mahali na mbao zimegusana. Nikikaza zaidi, gundi yote itatoka nje. Ndani itabaki mbao kavu juu ya mbao kavu. Hapo nitakuwa nimebana nini?"

Kazi ya kibano, basi, ni mbili tu: kuzishika mbao zisisogee, na kuzigandamiza sawasawa tangu mwanzo wa kiungo mpaka mwisho. Kibano kizuri si kile chenye nguvu kuliko vingine. Ni kile kinachofaa kiungo chake.

3. Mambo matano ya kutazama

Fundi anapochagua kibano hujiuliza maswali matano.

La kwanza: Je, kitafika? Kila kibano kina koo, yaani nafasi kati ya mahali kinapobana na mgongo wake. Kibano chenye koo fupi hakiwezi kufika katikati ya ubao mpana.

La pili: Je, kitasukuma upande gani? Viungo vingine hutaka kusukumwa kutoka juu, vingine kutoka kando, vingine pande zote pamoja.

La tatu: Je, nguvu yake inalingana na mti? Mti laini hubonyea upesi. Kibano cha chuma kikikazwa juu yake huacha alama isiyofutika. Kwa hiyo fundi huweka kibao kidogo kati ya chuma na gitaa.

La nne: Je, ni kizito? Kibano cha chuma kizito kikining'inia katika ubao wa milimeta 3 huupinda kwa uzito wake tu, hata kabla hujakaza.

La tano: Je, ninavyo vya kutosha, na nitaweza kuvifunga kwa muda gani? Gundi haimngoji mtu.

Shikeni hasa neno hili la mwisho. Gundi ya zamani, ile ya kupikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, hutiwa ingali moto, kama digrii 60. Ikipoa huanza kuganda mara moja. Fundi anayeitumia hutaka vibano vya kufunga upesi, si vile vyenye skurubu ndefu ya kuzungusha na kuzungusha. Gundi nyeupe ya dukani humpa dakika chache zaidi.

4. Kila kiungo na kibano chake

Nusu mbili za uso. Uso wa gitaa hutoka katika mbao mbili zilizounganishwa katikati. Mbao hizi ni pana lakini nyembamba. Ukizisukuma kutoka kando tu, zitainuka katikati kama paa la hema. Kwa hiyo mafundi wa zamani walitumia kamba na kabari, na hata leo wengi hufanya vivyo hivyo. Huzilaza mbao juu ya ubao ulionyoka. Huweka fimbo chini na fimbo juu. Huzungusha kamba kutoka upande mmoja mpaka wa pili, ikipita juu na chini ya fimbo. Kisha hupenyeza kabari chini ya kamba na kuzigonga polepole. Kamba ikikazika, huzisukuma mbao kutoka kando na kuzilaza chini kwa wakati uleule. Chini ya kiungo huwekwa karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa, ili gundi isishike ubao wa kazi. Kamba, fimbo na kabari: hivi vyote hupatikana kwetu bila kwenda dukani.

Pindo la mbavu. Mbavu ni nyembamba kiasi kwamba hazina mahali pa kushikia gundi ya uso. Kwa hiyo ndani ya ukingo wake hubandikwa ufito wa mbao, kama pindo la nguo. Hapa kibano kizuri kuliko vyote ni kibanio cha nguo, kilekile mama anachoanikia nguo kambani! Ni chepesi, hufungwa kwa mkono mmoja, na hakiumizi mti. Kama ni dhaifu, fundi hukizungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Sasa tufanye hesabu. Mzunguko wa ukingo wa gitaa ni kama sentimeta 150. Fundi akiweka kibanio kimoja kila sentimeta mbili na nusu, atahitaji vibanio 60 kwa pindo moja. Tazameni jinsi vidogo vingi vinavyoshinda kikubwa kimoja.

Mapau ya ndani. Vijiti hivi hubandikwa katikati ya uso, mahali ambapo koo la kibano cha kawaida halifiki. Fundi hutumia fito zinazopindika. Hutengeneza kitu kama sanduku lisilo na kuta, lenye sakafu na dari. Uso wa gitaa huwekwa sakafuni, pau huwekwa juu yake pamoja na gundi. Kisha fundi huchukua ufito wa mwanzi uliozidi nafasi ile kidogo. Kama kutoka pau mpaka dari ni sentimeta 60, ufito uwe na sentimeta 62. Huupinda, huweka ncha moja juu ya pau na ncha ya pili chini ya dari, kisha huuachia. Ufito hutaka kunyoka lakini hauwezi. Basi husukuma pau chini, usichoke hata kidogo. Fito kumi husukuma mahali kumi, na hakuna chuma kizito juu ya uso.

Kufunga sanduku. Mgongo na uso vinapobandikwa juu ya mbavu, kiungo huzunguka gitaa lote. Mafundi wengine hutengeneza vibano vidogo vya bolti. Bolti ndefu hupitishwa katika vibao viwili vya mviringo, na nati hukazwa kwa vidole. Kwa gitaa moja huhitajika kama vibano 30. Asiye navyo hukata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa utepe mrefu, na kulizungushia gitaa mara nyingi, kama mtu anayefunga jeraha. Kila mzunguko huongeza nguvu juu ya ule uliotangulia, na mpira hufuata umbo la gitaa, hata mahali pa kiuno.

Kibao cha nyuzi. Hiki ndicho kiungo kinachovutwa kwa kilo 70, nacho ndicho kigumu kukifikia, maana sanduku limekwisha kufungwa. Njia iliyobaki ni moja tu: tundu la uso. Kutoka ukingo wa tundu mpaka kibao ni sentimeta 10 hata 13. Basi hapa kunatakiwa kibano chenye koo refu, linalozidi sentimeta 15, nacho kiwe chepesi. Mkono mmoja wa kibano huingia ndani ya gitaa, mkono wa pili hubaki juu. Ndani huwekwa kibao kilichochongwa ili kikae juu ya mapau bila kuyavunja. Mafundi wengi huweka vibano vitatu, kimoja katikati na viwili kando. Mtu asiye na kibano cha koo refu asijaribu kudanganya kwa kuweka jiwe juu ya kibao na kwenda zake. Jiwe hugandamiza mahali pamoja, tena huukandamiza uso uliokosa kutegemezwa kwa ndani. Afadhali angoje wiki mbili, aazime au atengeneze kibano cha mti mgumu.

5. Jaribu bila gundi

Fundi mzuri hufunga kila kiungo mara mbili. Mara ya kwanza hufunga bila gundi. Huviweka vibano vyote mahali pake, hutazama kama vinatosha, kama vinafika, kama mbao hazitelezi. Kisha huvifungua na kuvipanga mezani kwa utaratibu. Mara ya pili hupaka gundi na kufunga tena, bila kutafuta kitu wala kumwita mtu. Asiyejaribu kwanza hukumbuka kibano kilichopungua wakati gundi inaganda, naye hukimbia huku na huku. Haraka haraka haina baraka.

Baada ya kufunga, hupangusa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kisha huacha kazi. Gundi nyeupe hushika baada ya saa moja hivi, lakini hupata nguvu zake zote baada ya siku nzima. Kwa hiyo kiungo kinachobeba mzigo, kama kibao cha nyuzi, hupumzishwa saa 24 kabla ya kutiwa nyuzi.

Majira nayo yatazamwe. Wakati wa masika mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, hukauka na kusinyaa. Fundi wa Uvira hukausha mbao zake vizuri kivulini, na hapendi kubandika uso siku ya mvua kubwa. Na mwenye gitaa asiliache juani, wala juu karibu na bati la nyumba. Joto kali hulainisha gundi nyeupe, na nyuzi hazikosi nafasi hiyo.

6. Jaribio la shuleni

Chukueni mbao nne nyembamba, kila moja iwe na urefu wa sentimeta 30, nazo zirandwe sawasawa. Pakeni gundi jozi ya kwanza, mkaifunge kwa nguvu katikati tu. Pakeni gundi jozi ya pili, mkaizungushie utepe wa mpira toka mwanzo mpaka mwisho. Ngojeni mpaka kesho. Fungueni, kisha jaribuni kupenyeza karatasi katika ncha za kila jozi. Mtaona wenyewe ni jozi gani iliyofungwa kwa nguvu, na ni ipi iliyofungwa kwa akili.

7. Kazi isiyoonekana

Gitaa likiisha kupakwa rangi, hakuna mtu atakayeona viungo vyake vya ndani. Mnunuzi hutazama uso unaong'aa. Hawezi kujua kama fundi aliranda mpaka mwanga ukaisha, au kama alikaza kibano ili kuficha uvivu wake. Lakini gitaa lenyewe linajua. Baada ya mwaka mmoja au miwili, nyuzi zitasema yaliyofichwa.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 ya mwezi wa tano. Yosefu alikuwa seremala wa kijiji. Injili haituambii neno lolote alilolisema. Inatuonyesha matendo yake tu. Mtoto anayejifunza kazi ya mikono, iwe ya gitaa, iwe ya mtumbwi, iwe ya kiti cha darasani, na afanye vema hata mahali ambapo hapana jicho la mtu.

Maswali

1. Inanga na gitaa vinatofautianaje katika kuundwa kwake?
2. Kwa nini fundi hatumii misumari katika gitaa?
3. Shanga za gundi kando ya kiungo zinamwambia fundi nini?
4. Taja mambo matano ambayo fundi hutazama anapochagua kibano.
5. Ukingo wa gitaa dogo ni sentimeta 120. Ukiweka kibanio kimoja kila sentimeta 3, utahitaji vibanio vingapi?
6. Kwa nini kibao cha nyuzi hutaka kibano chenye koo refu?
7. Eleza maana ya methali hii: Kamba hukatikia pabovu. Toa mfano mmoja kutoka nyumbani kwenu.